Maana ya Maneno ya Kilatini katika Majina ya Mimea: Mfano wa Kahawa ya Burundi

Jina la kisayansi la mmea lina maneno mawili: la kwanza hutaja jenasi, la pili huibainisha spishi. Kahawa iuzwayo Bujumbura aghalabu ni Coffea arabica. Neno arabica humaanisha "ya Uarabuni", ilhali chimbuko la mmea huo ni nyanda za juu za Ethiopia. Linnaeus alilichapisha jina hilo mwaka 1753, wakati Ulaya ikiijua kahawa kama zao la Uarabuni. Vivyo hivyo, vulgaris katika Phaseolus vulgaris, yaani maharage, humaanisha "ya kawaida" na haitaji chimbuko lake, bara la Amerika. Kanuni za kimataifa hazibatilishi jina kwa sababu maana yake haifai. Kwa hiyo, sera ya mbegu isilichukulie jina kuwa ushahidi wa asili.