Mad Fiber: Magurudumu yaliyosifiwa kwa wepesi yakabaki bila mwenyewe

KWA muda wa miaka miwili hivi, kampuni ndogo ya Mad Fiber iliyokuwa na makao yake jijini Seattle, Marekani, ilizungumziwa sana na wapenzi wa baiskeli za mbio. Magurudumu yake, yaliyoingia sokoni mwaka wa 2010, yalikuwa na uzani wa chini ya gramu 1,100 kwa jozi nzima, la mbele na la nyuma. Bei yake ilikuwa karibu dola 2,600. Mwaka wa 2012 kampuni hiyo ilifunga biashara.

Kilichowastaajabisha wengi si uzani huo pekee. Rimu za Mad Fiber zilikuwa na kimo cha takriban milimita 60, na kwa kawaida rimu ya kimo hicho huwa nzito. Hutumiwa kwa sababu hupenya upepo kwa urahisi, nao upepo ndio adui mkubwa wa mwendeshaji katika barabara tambarare. Kwenye mlima, mwendeshaji huyo huyo hutaka gurudumu jepesi. Hivyo basi, mshindani alilazimika kuchagua moja kati ya mawili. Mad Fiber ilidai kumpa yote kwa pamoja.

Mwasisi wake, Ric Hjertberg, hakuwa mgeni katika fani hiyo. Katika miaka ya 1970, yeye na nduguye Jon walianzisha Wheelsmith huko Palo Alto, jimbo la California, kampuni iliyojipatia jina kwa magurudumu yaliyoundwa kwa mkono na kwa spoki zake za chuma. Ni ajabu kidogo kwamba mtu aliyekulia katika biashara ya spoki ndiye aliyekuja kuunda gurudumu ambalo spoki zake haziwezi kung'olewa.

Ili kuelewa jambo hilo, yafaa kulitazama gurudumu la kawaida. Kila spoki ya chuma huvutwa kwa nguvu kati ya rimu na kitovu, na hufungwa kwa nati ndogo. Ikikatika, fundi aliyeketi chini ya mti huitoa, huweka nyingine, kisha hukaza hapa na kulegeza pale hadi gurudumu linyooke. Hahitaji kumjua aliyelitengeneza.

Katika gurudumu la Mad Fiber, spoki zilikuwa mikanda bapa ya kaboni iliyogandishwa kwa gundi kwenye rimu na kitovu. Hapakuwa na nati wala ufunguo wa kukazia. Kuondolewa kwa viungo vya chuma kulipunguza uzani, lakini pia kulimwondoa fundi. Mkanda ukipasuka au gundi ikiachia, pa kukimbilia palikuwa pamoja tu, nako ni kiwandani Seattle.

Biashara ya aina hii huhitaji mtaji mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Vitambaa vya kaboni vilivyolowekwa utomvu hupangwa kwa mkono ndani ya kalibu, kisha huokwa kwa joto hadi vigande. Kosa dogo huharibu kazi ya saa nyingi. Isitoshe, mtengenezaji huyo hana budi kutenga fedha za kuwafidia wateja ambao magurudumu yao yatapata hitilafu, huku viwanda vya Taiwan na China vikiuza rimu za kaboni kwa bei nafuu zaidi.

Soko lenyewe nalo lilikuwa finyu. Tangu mwaka wa 2000, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI) limepiga marufuku baiskeli yenye uzani wa chini ya kilo 6.8 katika mashindano yake. Kwa mshindani ambaye baiskeli yake tayari imekaribia kiwango hicho, gramu mia chache zilizopunguzwa kwa maelfu ya dola zingeweza kumlazimu kuongeza uzito mahali pengine. Waliobaki kuwa wateja ni matajiri wanaoendesha baiskeli kujifurahisha, na hao si wengi.

Kampuni ilipofungwa, dhamana ilipotea nayo.  Gurudumu la kaboni, tofauti na chuma, halipindi kwanza ili kumwonya mwenyewe. Huweza kuvunjika ghafla, na mwendeshaji huenda yuko kwenye mteremko akiwa katika kasi ya kilomita 60 kwa saa au zaidi.

Mabadiliko ya teknolojia yalimaliza yaliyosalia. Mwaka wa 2018, UCI iliruhusu rasmi breki za diski katika mbio za barabarani, na magurudumu yanayobanwa breki kwenye rimu, kama yale ya Mad Fiber, yakaanza kupoteza thamani.

Anayeuziwa jozi iliyotumika anashauriwa kukagua kila mahali mkanda unapokutana na rimu na kitovu, akitafuta nyufa nyembamba, kisha agongegonge kaboni taratibu kwa sarafu. Mlio mkavu na mkali ni dalili njema. Ukigeuka kuwa mzito mahali pamoja, huenda tabaka za ndani zimeachana, na gurudumu hilo halifai tena kupandwa.