Jiwe la Nyongo Linalofikiwa kwa Njia ya Mdomo

Macho yakigeuka manjano, mkojo ukafanana na chai ya rangi na choo kikapauka, wengi husema ni homa ya ini. Huenda ini halina kosa. Huenda kijiwe kimeshuka kutoka mfuko wa nyongo, kikakwama kwenye mrija mkuu wa kupeleka nyongo utumboni, ambao upana wake ni milimita 6 hivi.

Zamani tumbo lilipasuliwa chini ya mbavu, mrija ukafunguliwa, na mgonjwa akalazwa siku nyingi huku mpira wa kutoa nyongo ukining'inia ubavuni. Mwaka 1974 madaktari Meinhard Classen na Ludwig Demling wa Erlangen, Ujerumani, walitangaza njia nyingine. Keiichi Kawai wa Kyoto, Japani, naye alikuwa ameifikia kivyake. Kwangu mimi, hii ni miongoni mwa hatua kubwa za tiba ya karne iliyopita.

Mgonjwa akishapewa dawa ya usingizi, mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Hapo pana kinundu kidogo ambapo nyongo humwagikia, na mlango wake umebanwa na msuli. Daktari hupenyeza waya, kisha humimina dawa inayoonekana kwenye eksirei. Jiwe hujitokeza kama pengo ndani ya mrija. Msuli hukatwa kwa waya wa umeme, mkato wa sentimita moja hivi. Kijiputo kilichonywea hupitishwa mpaka nyuma ya jiwe, kikajazwa hewa na kuvutwa polepole. Jiwe huangukia utumboni, likatoka na choo.

Hatari ipo. Kongosho nalo humwaga maji yake hapohapo, na likichokozwa huvimba. Uvimbe huo huwapata wagonjwa 3 hadi 10 katika kila 100. Ndiyo maana altrasaundi hutangulia kuhakikisha jiwe lipo, na wengi huwekewa dawa ya indomethasini njia ya haja kubwa kupunguza hatari ya uvimbe huo.

Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulijua hili: ugonjwa wa selimundu. Seli nyekundu za damu zikivunjika upesi, mabaki yake huganda kuwa mawe, hata kwa watoto. Mzazi aliyezoea macho ya mwanawe kuwa na umanjano kidogo anaweza asishtuke siku mrija unapoziba. Umanjano ukizidi ghafla, pakawa na maumivu chini ya mbavu za kulia na homa ya kutetemeka, huenda nyongo iliyotuama imekwisha kuingiwa na vijidudu. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kabla ya mizizi yoyote kuchemshwa.