Krediti za Uwandani: Kasongo na Kabambare

Krediti ya uwandani ni ile ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu huipata kwa kazi aliyoifanya kijijini, msituni au machimboni. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huingia katika mfumo wa LMD, yaani lisensi, masta na udaktari: lisensi ina krediti 180 kwa miaka 3, masta 120 kwa miaka 2. Ulaya, ulikotoka mfumo huo, krediti moja hukadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, si za kumsikiliza mwalimu tu. Ndiyo maana siku ya kutembea na daftari huhesabika, mradi mtaala umeitaja na mwalimu ameisimamia.

Kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa nchi, ni darasa kubwa la kazi hiyo. Kasongo ulikuwa mji wa Waungwana, yaani wafuasi Waswahili wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mwanawe Sefu, hadi jeshi la Dhanis, afisa wa Dola Huru ya Kongo, lilipouteka Aprili 1893. Mji huo wa kale ulikuwa Tongoni. Kasongo ya leo ilijengwa mahali pengine. Watafiti wa Kongo na Ubelgiji, akiwemo Noemie Arazi, walichunguza ardhi ya Tongoni na kukusanya simulizi za wenyeji, wakachapisha kazi yao mwaka 2020 katika jarida la Antiquity. Hakuna mfano bora kwa mwanafunzi wa historia, kwani kigae cha chungu hakina sauti na simulizi mara nyingi haina tarehe.

Kigae kikiokotwa hupewa namba, na mahali kilipolala pakaandikwa, kabla ya kutiwa mfukoni. Mzee naye huandikiwa ukoo wake, nani alimsimulia, na kama alisema Kikusu, Kizimba, Kibangubangu au Kiswahili. Anayeruka hatua hiyo hurudi na hadithi tamu isiyothibitika, na hastahili krediti.

Teritori jirani ya Kabambare ina bonde la mto Luama na dhahabu ya Namoya, mali kwa wanafunzi wa mazingira na jiolojia. Lakini makundi yenye silaha yamevuruga usalama huko kwa miaka mingi. Chuo makini hakimtumi mwanafunzi kabla mkuu wa sekta hajathibitisha kuwa njia ni salama.

Muda nao una uzito wake. Mradi wa afya wa Kasongo, ulioanza 1971 pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ulifuatilia watoto kwa miaka. Matokeo yake kuhusu chanjo ya surua yalichapishwa katika jarida la tiba The Lancet mwaka 1981. Wiki moja haitoi elimu ya namna hiyo.

Mwishoni mwalimu husahihisha daftari pamoja na ripoti, kisha mwanafunzi huitetea. Nakala moja irudi kijijini. Na pale simulizi inapogusa utumwa, majina ya wasimulizi yafichwe: wajukuu wa waliouza watu na wa waliouzwa wangali majirani.