Fahamu Shuka la Plastiki Linalopima Damu ya Mama Baada ya Kujifungua

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Katika Soko la Kariakoo hakuna mteja anayekubali kuuziwa mafuta ya kula kwa kukadiriwa kwa macho. Muuzaji hutumia kipimo, na Wakala wa Vipimo (WMA) upo kisheria kuhakikisha kuwa kipimo hicho ni sahihi. Hata hivyo, kwa miaka mingi na katika sehemu kubwa ya dunia, damu anayopoteza mama mara baada ya kujifungua imekuwa ikikadiriwa kwa macho tu. Mkunga hutazama vitambaa vilivyolowa, khanga, beseni na sakafu, kisha huandika namba kwenye jalada la mgonjwa. Utafiti uliofanyika katika nchi nne za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, umeonesha madhara ya makadirio hayo pamoja na namna ya kuachana nayo.

Utafiti huo, unaojulikana kwa jina la E-MOTIVE, ulichapishwa mwezi Mei, 2023 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Ulihusisha hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ambamo wanawake 210,132 walijifungua kwa njia ya kawaida. Uliongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani (WHO). Kwa upande wa Tanzania, mshirika alikuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), kilichopo Upanga, mwendo mfupi kutoka Kariakoo na Magogoni. Miongoni mwa watafiti wake ni Dkt. Fadhlun Alwy Al-beity, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi wa chuo hicho.

Umuhimu wa matokeo hayo kwa nchi yetu unaeleweka vizuri zaidi yakiwekwa pamoja na takwimu za Utafiti wa Afya ya Uzazi, Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022. Utafiti huo ulionesha kuwa vifo vitokanavyo na uzazi vimepungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kiwango kilichoripotiwa katika utafiti wa mwaka 2015/16, hadi 104. Katika kipindi hicho hicho, uzazi unaofanyika katika vituo vya kutolea huduma za afya uliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Maana yake ni kwamba mama wengi sasa wanafika hospitalini. Mama akishafika, linalobaki ni kile kinachotendeka katika dakika chache za mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa, na hapo ndipo kutokwa na damu nyingi kunapoendelea kuwa chanzo kikuu cha vifo vya uzazi duniani.

Mimba inapotimiza miezi tisa, mishipa inayolisha mfuko wa uzazi hupitisha takribani nusu lita ya damu, au zaidi, kila dakika. Kondo la nyuma linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikilihudumia hubaki wazi. Nyuzi za misuli ya mfuko wa uzazi zimepangwa kuizunguka mishipa hiyo, na misuli inapojikaza huibana mithili ya mkono unaokunja mdomo wa mfuko. Misuli ikichoka au ikikosa kujikaza, damu huendelea kutoka. Wakati mwingine chanzo huwa ni mchaniko wa njia ya uzazi au kipande cha kondo kilichobaki ndani. Kwa hesabu hiyo ya nusu lita kwa dakika, mama aliyekuwa akizungumza na kumtazama mwanawe anaweza kuwa katika hatari ya kufa kabla ndugu aliyetumwa dukani hajarudi.

Kwa kawaida damu inayobubujika ghafla huonekana na kila mtu chumbani. Inayompita mkunga ni ile inayotiririka polepole, ikinywewa na pamba na vitambaa, ikichanganyika na maji ya uzazi, huku yeye akimhudumia mtoto au mzazi mwingine wa kitanda cha pili. Watafiti waliofanya kazi Belgaum, nchini India, walilinganisha makadirio ya macho na kipimo halisi, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2006 makadirio yalikuwa pungufu kwa takribani theluthi moja. Theluthi hiyo inatosha kumfanya mama anayehitaji matibabu ya haraka aandikwe kuwa hali yake ni ya kawaida.

Kifaa kilichotumiwa katika E-MOTIVE kuziba pengo hilo ni shuka la plastiki laini linalowekwa chini ya mama mara tu mtoto anapozaliwa. Sehemu yake ya chini imetengenezwa kwa umbo la faneli, na juu yake kumechapwa mistari ya vipimo, ukiwemo wa mililita 300 na wa mililita 500. Damu hutelemka yenyewe hadi kwenye faneli, na mkunga husoma kiwango kama mtu anavyosoma maji kwenye jagi.

Kwa mtazamo wa haraka ni kifaa chepesi mno kuitwa sayansi, lakini uteuzi wa malighafi yake una sababu. Plastiki ya jamii ya polithini imeundwa kwa minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni isiyovutana na maji, hivyo hainywi damu kama ifanyavyo pamba. Kinachoingia ndicho kinachopimwa. Utando wake ukiwa mwembamba hupitisha mwanga, kwa hiyo kiwango huonekana kutoka nje bila kugusa kitu. Huyeyuka kwa joto la wastani, jambo linalowezesha kingo mbili kuunganishwa kwa moto bila uzi wala matundu ya sindano ambayo yangevujisha. Umbo la faneli nalo lina kazi yake. Kwa kuwa ni jembamba chini, kiasi kidogo cha damu hupanda kwa urefu unaosomeka, ilhali katika beseni pana mililita 300 na 500 hukaribia kufanana. Kikishatumika, kifaa hicho hushughulikiwa kama taka hatarishi za hospitali.

Inafaa kukumbusha kuwa katazo la mifuko ya plastiki lililoanza kutekelezwa nchini tarehe 1 Juni, 2019 lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Kanuni zake ziliruhusu plastiki zinazotumika katika huduma za afya.

Pamoja na sifa hizo, plastiki peke yake haikuwahi kutosha. Ushahidi wa jambo hili ulitoka Ulaya mapema zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ukihusisha vituo vya uzazi vya nchi 13 za bara hilo na zaidi ya wanawake 25,000, nusu ya vituo vilipewa mfuko wa kukusanyia damu na nusu vikaendelea na makadirio ya macho. Mwishoni, idadi ya wanawake waliopata tatizo kubwa la kutokwa na damu haikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Vituo hivyo vilipewa kipimo bila kubadilishiwa utaratibu wa nini kifanyike, na nani, mara kiwango kinapofikiwa.

Hapa ndipo E-MOTIVE ilipotofautiana na tafiti zilizotangulia. Mafunzo ya ukunga kwa kawaida yalifundisha hatua za kudhibiti damu kwa mfuatano: kukanda mfuko wa uzazi kwanza na kusubiri, kisha dawa ya kukaza misuli na kusubiri tena, kisha nyingine. Kila kusubiri kulikuwa na mantiki yake, lakini jumla yake ilikuwa dakika ambazo mama hakuwa nazo. Utaratibu mpya unaagiza hatua hizo zitolewe kwa pamoja, bila kungoja moja ishindwe: kukanda mfuko wa uzazi, kutoa dawa ya kukaza misuli, hususan oksitosini, kutoa asidi ya traneksamiki, kuweka dripu, na kumchunguza mama ili kubaini damu inatoka wapi, pamoja na kuita msaada iwapo haikomi.

Kati ya hizo, asidi ya traneksamiki ndiyo isiyofahamika sana kwa wananchi. Iligunduliwa nchini Japani na wanasayansi mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, na kazi yake ni kuzuia donge la damu lililokwisha kuganda lisiyeyuke. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulionesha kuwa ikitolewa ndani ya saa tatu hupunguza vifo vitokanavyo na damu kwa karibu theluthi moja. Uchambuzi uliofuata ulibaini kuwa kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza manufaa yake kwa takribani asilimia 10. Oksitosini nayo ina sharti lake: huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8, jambo ambalo katika jiji lenye joto la Dar es Salaam hutegemea jokofu linalofanya kazi usiku na mchana.

Mafunzo kwa wauguzi na wakunga yalifanyika kazini kwao, kwa mazoezi ya kuigiza tukio halisi, mtumishi akishika shuka, dawa na dripu kwa mikono yake. Katika kila hospitali waliteuliwa wakunga na madaktari vinara wa kusimamia mabadiliko. Vifaa vyote viliwekwa pamoja katika toroli au sanduku moja, ili mtu asikimbie kutafuta sindano kabati hili na dawa kabati lile. Matokeo ya kila hospitali yalirejeshwa kwa watumishi wenyewe mara kwa mara ili wayajadili.

Jambo moja katika mpangilio huu linastahili uzito kuliko linavyopewa kwa kawaida. Mstari kwenye plastiki humpa mkunga, hata aliyeajiriwa juzi, sababu isiyobishaniwa ya kuanza matibabu. Damu ikifika mililita 500, au ikipita 300 huku mapigo ya moyo au shinikizo la damu likionesha dalili mbaya, haulizwi kwa nini hakumsubiri daktari. Kwa zamu ya usiku yenye watumishi wachache, ruhusa hiyo ina thamani sawa na dawa.

Hospitali zilizoshiriki zilipangwa kwa kura. Kundi moja lilitumia utaratibu mpya na jingine likaendelea na huduma ya kawaida. Hospitali za kundi la pili nazo zilipewa shuka la plastiki, ila lisilo na mistari, na damu iliyokusanywa ilipimwa kwa mizani. Kwa njia hiyo watafiti walijua kiasi halisi katika makundi yote mawili, na ndipo ilipobainika kuwa chini ya huduma ya kawaida ni asilimia 51 tu ya wanawake waliotokwa na damu nyingi ndio waliotambuliwa. Karibu nusu walipita bila mtu kujua. Katika kundi la utaratibu mpya waliotambuliwa walikuwa asilimia 93. Waliopatiwa matibabu yote kwa pamoja walikuwa asilimia 91, ikilinganishwa na asilimia 19 katika kundi la kawaida. Wanawake waliopoteza lita moja ya damu au zaidi, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, au waliofariki kwa sababu hiyo, walikuwa asilimia 1.6 dhidi ya asilimia 4.3, sawa na upungufu wa asilimia 60.

Matokeo hayo yana mipaka yake. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache katika makundi yote mawili, kiasi kwamba tofauti yake haikuweza kuthibitishwa kitakwimu. Kilichothibitika ni kupungua kwa hali inayotangulia kifo. Aidha, utafiti ulihusu wanaojifungua kwa njia ya kawaida pekee. Mama anayejifungua kwa upasuaji hutokwa na damu katika mazingira tofauti, na shuka hili halikubuniwa kwa ajili ya meza ya upasuaji.

Mwishoni mwa mwaka 2023, WHO ilitoa mapendekezo ya kupima damu kwa kifaa chenye vipimo na kutoa matibabu kwa pamoja. Mwezi Oktoba, 2025, shirika hilo pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi (FIGO) na ya wakunga (ICM) yalitoa mwongozo unaoagiza hatua zianze mapema, kuanzia mililita 300, endapo dalili nyingine za mama si za kawaida.

Kwa familia, maandalizi huanza kliniki. Mjamzito mwenye upungufu wa damu huingia chumba cha kujifungulia akiwa na akiba ndogo, hivyo vidonge vya madini ya chuma anavyopewa havipaswi kubaki kabatini. Baada ya kujifungua, mama au msindikizaji anayo haki ya kuuliza damu iliyotoka ni kiasi gani na imepimwaje. Vilevile hatari haiishii wodini. Mama aliyeruhusiwa kurudi nyumbani akiona pedi inalowa kabisa ndani ya saa moja, mabonge makubwa ya damu, kizunguzungu au moyo kwenda mbio, apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, bila kusubiri hudhurio la siku ya saba.