Mchagua Simu na Maneno Yake: Toleo, Mtandao, Hifadhi na Rangi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayechagua kupita kiasi. Hata hivyo, inadokeza jambo jingine ambalo halitiliwi maanani sana: mchagua nazi ana maneno. Lugha imempa kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, yaani jina kwa kila hatua ya kukomaa kwa tunda lile lile moja. Akiletewa koroma mahali pa dafu, atatambua kuwa amepunjwa, na kosa hilo atalitaja kwa jina lake.

Mnunuzi wa simu ya kisasa hana bahati hiyo. Anapoingia katika duka la Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, au katika kibanda cha soko la mji wowote nchini Kenya, hutakiwa kuamua mambo manne kwa muda mfupi: simu ya toleo gani, itumie mtandao upi, iwe na hifadhi kiasi gani, na iwe ya rangi ipi. Bango la nje humkaribisha kwa Kiswahili. Kisanduku cha simu na karatasi ya masharti, aghalabu, humsemesha kwa Kiingereza cha mafundi na mawakili. Makala haya yanafafanua maamuzi hayo manne, kisha yanagusia la tano ambalo huamua bei ya yote, yaani namna ya kulipa. Hoja inayoyaongoza ni kuwa kuchagua simu ni tendo la kusoma. Asiye na msamiati huchagua kwa macho ya muuzaji.

Jina la chombo chenyewe

Neno simu lina asili ya Kiajemi, ambako sim ni waya. Leo ndilo jina la chombo kisichohitaji waya, na hakuna msemaji anayetatizika. Hili ni funzo la kwanza: neno likikubalika na jamii, halidaiwi tena maana yake ya kale. Simu hii isiyo na waya imeitwa simu ya mkononi, simutamba na rununu. Aina yake inayobeba intaneti, kamera na programu huitwa simu janja, hasa nchini Tanzania, na wengine huiita simu erevu. Wanaokataa istilahi ya kwanza wana sababu, kwani ujanja katika Kiswahili una harufu ya hila. Lakini huenda harufu hiyo si hasara. Inamkumbusha mnunuzi kuuliza kama mjanja ni simu au ni anayeiuza.

Chapa, toleo na namba

Dukani, maneno matatu huchanganywa: chapa, toleo na namba ya toleo. Chapa ni jina la mtengenezaji, mathalani Samsung, Tecno au Nokia. Toleo ni simu mahususi miongoni mwa zile ambazo chapa hiyo imewahi kutoa. Namba ya toleo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaopatikana ndani ya mipangilio ya simu, na ndio usiodanganya kwa urahisi. Simu mbili zinaweza kubeba jina moja la kibiashara zikatofautiana kwa namba, na tofauti hiyo ikawa ya kichakataji, ya kamera au ya masafa ya mtandao. Anayetaja chapa pekee ni sawa na anayeagiza tunda bila kusema kama anataka dafu au nazi.

Suala la uhalisi linaambatana na hili. Kila simu ina namba ya utambulisho iitwayo IMEI, yenye tarakimu 15, ambayo hujitokeza kwenye skrini mtu anapobonyeza *#06#. Mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza simu zisizo na namba halali zizimwe katika mitandao yote nchini. Wengi waliozimiwa simu walikuwa wamelipa pesa zao kwa nia njema. Namba iliyo kwenye skrini ilinganishwe na iliyo kwenye kisanduku. Zikitofautiana, mnunuzi anauziwa mbuzi ndani ya gunia.

Jambo jingine linalotegemea toleo ni umri wa programu. Simu haizeeki kwa kioo na betri tu. Mtengenezaji huisasisha programu endeshi kwa muda fulani, kisha huiacha. Katika miaka ya 2023 na 2024, Google na Samsung ziliahidi miaka 7 ya masasisho kwa matoleo yao ya bei ya juu. Simu nyingi za bei nafuu hupata muda mfupi kuliko huo. Mwanzoni mwa mwaka 2025, WhatsApp ilikoma kuhudumia simu zenye Android 4.4, programu endeshi iliyotolewa mwaka 2013. Simu hizo zilikuwa bado zinawaka na kupiga, ila zilikuwa zimepoteza kile ambacho wenye nazo wengi walizinunulia. Kwa hiyo swali la busara si 'Simu hii ni mpya?' bali 'Toleo hili lilitoka mwaka gani, na litasasishwa hadi lini?'

Mtandao: masafa, vizazi na laini

Katika nchi kama Marekani, kwa miaka mingi simu na mtandao viliuzwa pamoja: mteja alitia saini mkataba wa miaka miwili, akapewa simu kwa bei ya chini, na simu hiyo ikafungwa isipokee laini ya kampuni nyingine. Nchini Kenya desturi iliyoshamiri ni tofauti. Mtumiaji hununua simu kwake, laini kwake, na salio kwa kadiri ya uwezo wake. Tena simu nyingi zinazouzwa zina nafasi mbili za laini. Mkenya hachagui ndoa. Huchagua wake wenza.

Hata hivyo, uhuru huo una mipaka. Tangu Aprili 2011 mteja nchini Kenya anaweza kuhamia mtandao mwingine bila kubadilisha namba yake. Waliotarajiwa kuhama kwa wingi hawakuhama, na moja kati ya sababu ni kuwa laini haikuwa tena ya kupigia tu. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, ilikuwa imeigeuza laini kuwa mkoba. Ilikuwa hadi mwaka 2018 ndipo pesa zilipoanza kutumwa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ni bayana kwamba anayechagua mtandao huchagua pia mahali pa kuweka akiba, duka la kulipia na wakala wa kumwendea.

Upande wa kiufundi unahitaji maneno mawili. La kwanza ni kizazi. Kizazi cha tatu kilileta intaneti ya mkononi iliyostahimilika, cha nne kikaiongezea kasi, na cha tano kilianza kutolewa kibiashara nchini Kenya mwaka 2022. Simu ya kizazi cha tano ni mzigo wa bure kwa mtu anayeishi mahali ambapo mnara wa karibu haujavuka kizazi cha nne. La pili ni masafa. Neno hili hutumiwa kwa umbali na pia kwa marudio ya mawimbi ya redio, na kwa bahati njema maana hizo mbili zinahusiana kinyume: mawimbi ya masafa ya chini, kama yale ya megahezi 800, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi kuliko ya megahezi 1800. Simu isiyopokea masafa ya chini yanayotumiwa na mtandao husika huweza kufanya kazi vyema mjini, ikapotelewa na mawimbi mara mwenyewe anapokwenda mashambani.

Hapa ndipo wanaponaswa wale wanaopokea simu kutoka kwa jamaa walio ng'ambo. Simu iliyotengenezewa soko la Marekani huenda ikawa imefungwa na kampuni iliyoiuza, au ikakosa masafa yanayotumika Afrika Mashariki. Maswali ni mawili: je, imefunguliwa, na inapokea masafa gani? Yakiulizwa kabla ya mizigo kufungwa, nauli ya simu haiendi bure.

Hifadhi na kumbukumbu

Hakuna mahali ambapo upungufu wa istilahi humgharimu mnunuzi kama hapa. Neno memori, jinsi linavyotumiwa madukani, hubeba vitu vitatu: nafasi ambamo programu hufanyia kazi kwa muda, nafasi ambamo picha na nyaraka hukaa kwa kudumu, na kadi ndogo inayochomekwa kando. Mnunuzi akiambiwa simu ina memori ya 8, hajui ameambiwa nini.

Inafaa basi kutenganisha kumbukumbu na hifadhi. Kumbukumbu ni meza ya fundi: kadiri inavyokuwa pana, ndivyo kazi nyingi zinavyoweza kutandazwa kwa wakati mmoja, na simu inapozimwa meza hupanguswa. Hifadhi ni ghala: kilichowekwa humo hubaki hata simu ikizimwa. Kisanduku kikiandikwa 4+64, tarakimu ya kwanza ni gigabaiti za kumbukumbu na ya pili ni za hifadhi. Baadhi ya matangazo hukopa sehemu ya ghala yakaihesabu kama meza, hivi kwamba simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 hutangazwa kuwa na 8. Huo si uongo mtupu, lakini si ukweli kamili, kwa sababu ghala ni zito kulifanyia kazi ya meza.

Tarakimu ya hifadhi nayo ina hesabu zake. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni 1. Mifumo mingine ya kompyuta hugawa kwa 1024 mara tatu, na kwa hesabu hiyo 64 huonekana kama 59.6. Programu endeshi huchukua fungu lake kabla mwenye simu hajapiga picha hata moja. Kinachobaki ndicho chake. Iwapo picha moja ina megabaiti 4, picha 10,000 zitahitaji gigabaiti 40. Nayo video ya ubora wa juu hula megabaiti 100 au zaidi kwa kila dakika. Mwanafunzi anayepakua vitabu na kurekodi mihadhara hujaza gigabaiti 32 mapema kuliko anavyodhani. Simu yenye nafasi ya kadi humpa pumzi, ingawa programu nyingi hubaki katika hifadhi ya ndani. Simu isiyo na nafasi hiyo haiongezeki. Rangi hufichwa kwa kava, betri hubadilishwa na fundi, mtandao huhamwa. Hifadhi ya ndani ndiyo uamuzi ambao haurudi nyuma.

Rangi

Ajabu ni kuwa jambo lisilo na uzito wa kiufundi ndilo ambalo Kiswahili kimelihudumia vyema zaidi. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea viambishi vya upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa simu nyeusi na kioo cheusi. Rangi nyingine zimetokana na majina ya vitu au na mkopo, na huunganishwa kwa a-unganifu: simu ya kijani kutokana na jani, ya kijivu kutokana na jivu, ya kahawia kutokana na kahawa, ya zambarau kutokana na tunda, ya manjano kutokana na kiungo cha mchuzi, ya samawati kutokana na neno la Kiarabu linalohusu mbingu. Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao wa mwaka 1969, walidai kuwa lugha yenye istilahi tatu za msingi huwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu. Mwanafunzi wa isimu anaweza kuushuhudia mjadala huo kwenye kaunta ya duka la simu.

Watengenezaji huzipa rangi zao majina ya kishairi, yenye usiku wa manane, bahari na alfajiri, na mnunuzi huvutwa. Lakini simu mbili za toleo moja na hifadhi moja hazitofautiani kiutendaji kwa sababu ya rangi. Rangi nyepesi huonyesha uchafu, nayo nyeusi ing'aayo huonyesha alama za vidole. Baada ya hapo kava huzisawazisha zote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Rangi na iwe swali la mwisho, si la kwanza.

Malipo: Kiswahili cha mlangoni

Mwezi Julai 2020, Safaricom kwa ushirikiano na Google ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo simu ya kizazi cha nne ililipiwa kuanzia shilingi 20 kwa siku. Mipango ya aina hiyo imeenea, na imewafikisha wengi kwenye intaneti ambao wasingeweza kulipa taslimu. Mgala muue na haki yake mpe. Ila yafaa kutazama lugha yake. Majina ya huduma, kama vile Sambaza, Okoa Jahazi na Fuliza, ni Kiswahili chenye mvuto na kinachoeleweka na kila mtu. Wafanyabiashara hawajawahi kulalamika kuwa Kiswahili hakina istilahi pale wanapoitia. Tatizo huanza pale wanapoagana na mteja, kwenye masharti.

Chukulia mfano wa simu ambayo bei yake taslimu ni shilingi 10,000. Mteja aambiwe alipe 2,000 za kuanzia, kisha 50 kila siku kwa mwaka mmoja. Hamsini husikika kama nauli ya matatu. Lakini 50 mara siku 365 ni 18,250. Pamoja na zile za kuanzia, simu imegharimu 20,250, zaidi ya mara mbili ya bei yake. Isitoshe, simu nyingi za mkopo huwekewa programu ya kuzifunga malipo yakichelewa. Mteja anapaswa kujua maneno matano kabla ya kutia kidole: malipo ya awali, jumla ya malipo, riba, muda wa mkopo na kufungwa kwa simu.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu anachonunua. Vifungu hivi viwili havijasomwa pamoja vya kutosha. Habari iliyo katika lugha ambayo mnunuzi haielewi si habari. Ni mapambo ya kisanduku.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana kazi hapa, na si ya kuzua maneno mapya. Mengi yapo: chapa, toleo, kizazi, masafa, kumbukumbu, hifadhi, jumla ya malipo. Kinachokosekana ni matumizi yake mahali ambapo pesa hubadilisha mikono. Orodha ya ukurasa mmoja, yenye istilahi hizi na swali moja chini ya kila istilahi, inaweza kuandaliwa na chama chochote cha Kiswahili chuoni kwa muda wa wiki moja, ikabandikwa dukani kwa idhini ya mwenye duka. Mnunuzi aliyeisoma atachagua toleo kwa umri wake, mtandao kwa mahali anapoishi, hifadhi kwa kazi yake, na rangi kwa moyo wake. Akipewa koroma, ataijua.