Nyimbo za karaoke kwa mwanamume wa makamo nchini Japani

Mwanamume wa Kijapani mwenye miaka 50 akishika maiki ya karaoke, wengi hutarajia kusikia enka, zile nyimbo za pombe, bandari na mapenzi yaliyovunjika zilizopendwa na kizazi cha baba yake. Matarajio hayo yamepitwa na wakati. Aliyezaliwa mwaka 1975 alikuwa bado shuleni "Say Yes" ya wanamuziki wawili Chage and Aska ilipovuma mwaka 1991, na alikuwa kijana wa miaka 19 hivi bendi ya Mr.Children ilipotoa "Innocent World" na "Tomorrow Never Knows" mwaka 1994. Soko la CD la Japani lilikuwa likipanda mwaka hadi mwaka, mpaka likafika kilele mwaka 1998. Vyumba vya karaoke, vilivyoanzia Okayama katikati ya miaka ya 1980 katika makontena ya mizigo yaliyogeuzwa kuwa vyumba, vilikuwa vimeshaenea nchi nzima. Tangu mwaka 1992 mashine zikaanza kuletewa nyimbo kupitia laini ya simu, hivyo wimbo mpya ukawahi kuimbwa ukiwa bado moto redioni. Kwa hiyo nyimbo ambazo mtu huyu anazijua kwa moyo ni pop, wala si enka.

Ugumu unaanzia hapo hapo. Pop ya miaka ya 1990 ilitawaliwa na wanaume wenye sauti za juu: Sakurai Kazutoshi wa Mr.Children, Kusano Masamune wa Spitz, Inaba Koshi wa B'z. Kijana wa miaka 18 huzifikia noti zao kwa nguvu za ujana, kisha kumbukumbu humwambia maisha yake yote kwamba ule wimbo anauweza. Koo halikubaliani naye. Sauti ya kuzungumza ya mwanamume kwa kawaida hushuka kidogo hadi umri wa makamo, ndipo ianze kupanda tena uzeeni. Wakati huohuo nyuzi za sauti hupoteza ulaini wake na pumzi hupungua. Kinachoondoka mapema ni uwezo wa kuimba juu kwa upole. Kupiga kelele juu bado kunawezekana, na ndiyo maana katika vyumba vingi husikika kelele za watu wazima saa nne usiku.

Basi uchaguzi uanzie kwenye noti ya juu kabisa ya wimbo, mapenzi ya wimbo yafuate. Noti hiyo karibu kila mara iko kwenye kiitikio. Pop ya Kijapani ina tabia ya kuanza chini, ubeti ukitambaa karibu na sauti ya maongezi, kisha kiitikio kinaruka ghafla. Mwimbaji anayejipima kwa ubeti hudanganyika: anaanza kwa raha, anaridhika, na dakika moja baadaye amenaswa mahali asipoweza kupanda wala kurudi. Anayejipima kwa kiitikio hujua ukweli ndani ya sekunde ishirini.

Mashine zote za karaoke zina kitufe cha kubadili ufunguo, na kila mbonyezo hupandisha au kushusha wimbo kwa nusu toni. Wapo wanaume wanaoona aibu kukigusa, kana kwamba kushusha ni kukiri uzee. Ni aibu isiyo na maana, kwa sababu wasikilizaji wachache sana hutambua wimbo ulioshushwa nusu toni mbili au tatu, lakini wote hutambua sauti iliyokatika. Hata hivyo kitufe hakitibu kila kitu. Wimbo ukishushwa mno, kiitikio hukaa sawa lakini ubeti huzama ukawa mnong'ono. Hivyo jambo la kuangaliwa hasa ni umbali kati ya noti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Wimbo wenye umbali mfupi hurekebishika kwa kila koo. Wenye umbali mrefu haurekebishiki, hata kitufe kibonyezwe mara ngapi.

Mfano bora wa umbali mfupi ni "Ruby no Yubiwa", wimbo ulioshinda Tuzo ya Rekodi ya Japani mwaka 1981. Mwimbaji wake, Terao Akira, ni mwigizaji pia, na aliuimba chini, karibu kama mtu anayesimulia. Haudai misuli, unadai utulivu, kitu ambacho mtu wa miaka 50 anacho kuliko wa miaka 20. "Sakurazaka" ya Fukuyama Masaharu, ya mwaka 2000, nayo ni ya sauti ya chini, na ina faida ya kujulikana na walio vijana zaidi. Kwa anayependa pombe iingie kwenye wimbo kuna "Brandy Glass" ya Ishihara Yujiro, ya mwaka 1977, ingawa huo sasa unanukia zaidi umri wa kustaafu.

Nyimbo za wanawake zisitupwe. "Chijo no Hoshi" ya Nakajima Miyuki ilitoka mwaka 2000 ikiwa wimbo wa kipindi cha televisheni cha NHK, Project X, kilichosimulia wahandisi na wafanyakazi wasiojulikana waliojenga Japani ya baada ya vita. Wanaume wa maofisini waliupokea kama wimbo wao wenyewe, na ukafika nafasi ya kwanza kwenye chati Januari 2003, zaidi ya miaka miwili tangu utoke. Mwanamume akiuimba oktava moja chini ya sauti ya mwanamke, wimbo wa aina hii huwa chini mno, hivyo kwake kitufe hutumika kupandisha.

Baada ya koo huja mahali. Kwenye sunakku, baa ndogo yenye kaunta na mama mwenye baa anayewajua wateja kwa majina, wasikilizaji ni watu wasiofahamiana na mara nyingi ni wazee. Huko enka bado ina heshima yake, na mama akiomba kuimba wawili, "Ginza no Koi no Monogatari" ya mwaka 1961 haijawahi kuzeeka.

Pagumu kwa mwanamume huyu ni chumbani na wafanyakazi wenzake vijana baada ya karamu ya ofisi. Vishawishi ni viwili. Cha kwanza ni wimbo wa huzuni wa dakika sita wenye gitaa refu katikati, ambapo vijana hutazama simu zao kwa adabu. Cha pili, kibaya zaidi, ni wimbo mpya wa vijana uliojifunzwa kwa siri: "Pretender" ya Official Hige Dandism, ya mwaka 2019, iko juu kuliko nyimbo nyingi za miaka ya 1990. Kinachofaa ni wimbo uliovuka vizazi na wenye kiitikio cha wote. "Sekai ni Hitotsu Dake no Hana" ya SMAP, iliyotolewa kama singo mwaka 2003, iliandikwa iimbwe na kundi kwa pamoja, na haina noti za kuua mtu. "Linda Linda" ya The Blue Hearts, ya mwaka 1987, inahitaji pumzi kuliko ufundi, na chumba kizima huidaka.

Alama ambazo mashine hutoa hadi 100 hupima zaidi jinsi sauti inavyofuata mstari wa melodia kwenye skrini. Zinasaidia mazoezi, hazisemi kama waliokuwepo walifurahi.

Vyumba vingi vya karaoke hutoza nafuu mchana wa siku za kazi, na kuimba peke yako huko ni jambo la kawaida. Anayetaka kuwa tayari aingie kwa muda wa saa moja, ajaribu viitikio vya nyimbo nne au tano, na aandike kwenye simu jina la kila wimbo pamoja na ufunguo uliomfaa.