Haluli za Mimea na Weusi wa Utumbo Mpana

Katika vilima vya Fort Ternan, nchi ya majani chai ya Kericho inapokaribia mashamba ya miwa, huota kichaka chenye maua ya manjano ambacho Wakipsigis hukiita senetwet. Makaa yake hupakwa ndani ya kibuyu cha mursik. Matumizi hayo siyo yanayojadiliwa hapa. Linalojadiliwa ni haluli, yaani dawa ya kuendesha, inayopatikana kwa kuchemsha majani na mizizi yake. Ndugu yake wa jenasi moja ni sanamaki, ijulikanayo sana pwani. Mshubiri nao hutumiwa vivyo hivyo.

Mimea hii mitatu ina viambato viitwavyo antrakwinoni. Bakteria wa utumbo mpana huvigeuza, navyo huchochea misuli ya utumbo na kuzuia maji yasifyonzwe. Wakati huohuo, seli za utando wa ndani hufa. Mabaki yake humezwa na seli nyingine, ambazo hujaa rangi ya kahawia au nyeusi. Mtu akitumia haluli hizi kwa miezi kadhaa mfululizo, utando wote waweza kubadilika rangi.

Hali hiyo huitwa melanosisi ya koloni, istilahi iliyotumiwa na Rudolf Virchow mwaka 1857. Istilahi yenyewe inapotosha, kwa kuwa rangi hiyo si melanini bali ni lipofusini, yaani masalio ya seli zilizokufa.

Je, weusi huo ni hatari? Wenyewe hauumi, na kwa kawaida hufifia katika muda wa mwaka mmoja hivi baada ya dawa kuachwa. Uhusiano wake na saratani haujathibitishwa. Hata hivyo, ni ushahidi wa mazoea yenye madhara. Kuhara mara kwa mara hupoteza maji na potasiamu, na upungufu huo huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhuru figo. Mwaka 2002, Marekani iliondoa shubiri katika orodha ya haluli zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kukosa ushahidi wa kutosha wa usalama wake.

Hatari kubwa zaidi ni kufichika kwa ugonjwa. Kufunga choo kwa majuma mengi, damu kwenye choo na kukonda bila sababu huweza kuwa dalili za uvimbe. Anayejitibu kwa haluli kila juma huchelewa kupimwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.